Kusoma Bila Kuomba

Jumamosi moja jioni mpwa wangu alitoka chuoni akaja kutusalimu hapa Morogoro. Alioga, akala, kisha akakaa barazani na simu yake kusoma. Haoni tangu akiwa na miaka miwili. Surua ndiyo iliyoondoka na macho yake. Anaposoma huiweka simu karibu na sikio, kidole cha shahada kikipita taratibu juu ya kioo, na kila kinapogusa, simu inamtajia: nani kaandika, saa ngapi, kaandika nini. Inasema mbio kiasi kwamba mimi siambulii hata neno moja katika matano. Yeye ameizoea kasi hiyo. Akiipunguza kwa ajili yangu, husema inamtia usingizi.

Jioni ile alifungua kundi la WhatsApp la darasa lao. Jumatatu walikuwa na mtihani, na mwalimu alikuwa ametuma notsi za mada mbili za mwisho. Simu ikasema, "Picha." Kidole kikashuka. "Picha." Kikashuka tena. "Picha." Nilihesabu kumi na moja. Mwalimu alikuwa amepiga picha kurasa za daftari lake, moja baada ya nyingine, na mwishoni akaandika kwa moyo mweupe kabisa: "Someni vizuri wanangu, Mungu awatangulie." Sentensi hiyo peke yake ndiyo iliyosomeka.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Mjomba, una nafasi unisomee?"

Nilimsomea mpaka saa tano usiku. Mwandiko wa mwalimu ulikuwa wa harakaharaka, na yako maneno ya taaluma niliyoyakisia tu. Yeye alitoa kibao chake cha maandishi ya wasioona, akabana karatasi ngumu, akawa anachoma nukta kwa kalamu yake ya chuma: tik, tik, tik-tik. Tulipomaliza alinishukuru mara tatu, na shukrani ile ilinichoma. Wanafunzi wenzake walizisoma notsi zilezile usiku uleule, wamelala vitandani mwao, na hapana hata mmoja aliyelazimika kumshukuru mtu.

"Kusoma si kazi, mjomba," aliniambia akifunga kibao chake. "Kazi ni kuomba."

Maneno hayo yamekaa nami tangu siku ile. Katika miji yetu, kwa vizazi vingi, asiyeona alijulikana kwa kopo lake na mtoto wa kumshika mkono. Alikaa karibu na msikiti siku ya Ijumaa, au kwenye ngazi za stendi, akaomba. Tulipompeleka binti huyu shule, dada yangu alikuwa na kauli moja tu: mwanangu hataomba. Akapata shule, akashinda mitihani, akafika chuo. Na huko chuoni anaomba. Anaomba asomewe ubao, anaomba asomewe tangazo lililobandikwa ukutani, anaomba aelezwe mchoro. Haombi shilingi. Anaomba kile ambacho wenzake wanakipata kwa kufumbua macho tu.

Nimejaribu tangu hapo kuipima teknolojia ya elimu kwa kipimo hicho kimoja. Kifaa hiki, programu hii, kitabu hiki: vinampunguzia mwanafunzi kuomba, au vinamwongezea? Maana tazama kilichokuwepo usiku ule. Simu ilikuwepo, tena nzuri. Mtandao ulikuwepo. Bando lilikuwepo. Programu ya kusoma skrini ilikuwepo, na sauti ya Kiswahili ilikuwepo. Mambo yote ambayo kwenye semina huitwa changamoto yalikuwa yamekwisha kutatuliwa. Palipokosekana ni hapa: mwalimu alipokuwa anabonyeza kutuma, hakumkumbuka mmoja wa wanafunzi wake.

Kusahau huku ni kwa zamani. Mwaka 1785 Valentin Haüy alifungua Paris shule ya watoto wasioona, inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani. Alikuwa mtu mwema, na alitaka watoto wale wasome vitabu. Akachapisha vitabu vya herufi za kawaida za Kilatini zilizoinuliwa juu ya karatasi, ili vidole viweze kuzifuata. Vilikuwa vikubwa na vizito, na kidole kilichukua muda mrefu kung'amua kama hii ni O au ni Q. Kuandika ndiyo kabisa, mtoto hakuweza kuandika mwenyewe. Lakini vilikuwa na sifa moja iliyowapendeza wakubwa: mwalimu anayeona aliweza kuvisoma bila kujifunza chochote kipya. Vilitengenezwa kwa ajili ya wasioona, kwa kufuata raha ya wanaoona.

Katika shule hiyo aliingia mwaka 1819 mtoto wa miaka kumi, Louis Braille, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi kutoka kijiji cha Coupvray. Akiwa na miaka mitatu alichezea msharasi katika karakana ya baba yake, ukamchoma jicho, na maambukizi yakalipofusha na la pili. Shuleni aliusikia mfumo wa Charles Barbier, aliyebuni maandishi ya nukta 12 ya kusomwa kwa vidole gizani. Nukta 12 ni nyingi, kidole kimoja hakizifuniki kwa mguso mmoja. Mtoto yule akazipunguza hadi sita, safu mbili za nukta tatutatu, na alipofika miaka 15, mwaka 1824, mfumo wake ulikuwa umekamilika. Nukta sita zinatoa mipangilio 63. Zinatosha herufi, tarakimu, alama za kituo, hata noti za muziki. Tunaziita nukta nundu, na sijui jina zuri zaidi ya hilo katika maneno mapya ya Kiswahili.

Ungedhani shule ingefanya sherehe. Wanafunzi walizipenda mara moja, kwa kuwa sasa waliweza kuandikiana barua na kujiandikia notsi. Walimu wengi hawakuzipenda, kwa kuwa hawakuweza kuzisoma. Katika miaka ya 1840 mkuu mpya wa shule hata alizipiga marufuku, na vijana wakaendelea kuzitumia kwa siri. Louis Braille alifariki Januari 1852. Ufaransa ilizikubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kumzika.

Nasimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu nakiona kinarudi kila kifaa kipya kinapoingia darasani. Anayetoa huchagua kile kinachomwia rahisi yeye. Kulipiga picha daftari ni rahisi kwa anayeona. Kuchapa maneno kunachukua dakika kadhaa zaidi, na dakika hizo asipozitoa mwalimu, zitatolewa na mwanafunzi, tena zikiwa zimegeuka saa na zimechanganyika na aibu.

Kibao kile cha mpwa wangu nacho kina somo lake. Ukiandika kwa kibao unaanzia kulia kwenda kushoto, na kila herufi unaigeuza kama mtu anayeandika mbele ya kioo, kwa sababu nukta unazichoma kwa nyuma na zitatokeza upande wa pili. Mtoto wa darasa la kwanza asiyeona anajifunza herufi mara mbili: moja ya kuandika, moja ya kusoma. Mimi nilijaribu siku moja kuandika jina langu nikashindwa, na yeye, wakati huo akiwa na miaka minane, akacheka mpaka akakaa chini. Mwaka 1951 ndipo ilipotoka mashine ya Perkins, kazi ya David Abraham, mwalimu wa useremala katika shule ya Perkins kule Massachusetts, Marekani. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na kimoja kirefu katikati cha kuacha nafasi. Unaandika kushoto kwenda kulia na nukta zinatokeza juu papo hapo, kwa hiyo unaweza kupapasa ulichoandika kabla hujatoa karatasi. Mstari ukikaribia kwisha, kengele ndogo inalia. Darasa lenye mashine kumi likiandika imla lina sauti ya mvua juu ya bati.

Katika shule aliyoanzia mpwa wangu mashine hizo zilikuwepo, na watoto walizipokezana. Ilikuwepo pia kabati, na ndani ya kabati mashine tatu zilizokwama. Nilifunguliwa nikaziona. Kila moja ilikuwa na kitufe kimoja kisichopanda, na kitufe kimoja katika sita kikigoma, maandishi yote yanakuwa upuuzi. Zilikuwa zimeletwa kwa hafla, na ukutani ilitundikwa picha ya siku hiyo, watu wamesimama wanatabasamu. Fundi wa kuzifungua na kusafisha ndani hakuwepo katika mkoa mzima. Nasema kwa uchungu: mashine isiyo na fundi humrudisha mtoto kwenye kuomba, na safari hii anaomba zamu. Kama ningepewa fedha za kununulia mashine 20, ningenunua 15, na za tano zilizobaki ningemsomesha kijana mmoja wa hapohapo ufundi wake.

Kompyuta na simu zilipokuja, mlango ulifunguka zaidi ya vile tulivyotazamia. Zamani programu ya kusoma skrini iliuzwa kwa bei ambayo aghalabu iliipita bei ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wasioona, walioanza urafiki wao utotoni katika kambi ya muziki, walianza kuandika programu ya namna hiyo na kuitoa bure. Inaitwa NVDA, na leo inatumika duniani kote. Miaka mitatu baadaye simu za Android na za iPhone nazo zikaanza kuja na usomaji wa skrini ndani yake, bila kununua kitu cha ziada. Sioni ajabu kwamba NVDA ilitoka mikononi mwa wasioona wawili, kama nukta sita zilivyotoka kwa kijana asiyeona. Mwenye kuonja kuomba ndiye anayejua mlango uko wapi.

Lakini hata sauti ya bure huja na lugha yake. Nakumbuka miaka ambayo simu ya mpwa wangu ilisoma Kiswahili kwa mdomo wa Kiingereza. Neno "elimu" lilitoka limepinda, na "ng'ombe" likawa rundo la herufi zilizotajwa mojamoja. Akalazimika kujifunza lugha ya tatu, Kiswahili cha mashine, na kukitafsiri kichwani kabla ya kuanza kuelewa somo. Na hii ni lugha inayosomwa kama inavyoandikwa, mkazo wake karibu daima uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ingekuwa miongoni mwa lugha rahisi kuifundisha mashine. Haikufundishwa mapema kwa sababu waliokuwa wakipanga foleni ya lugha hawakuwa wasemaji wake. Sasa sauti za Kiswahili zipo, zingine nzuri, na nilipoisikia ya kwanza ikisema "ng'ombe" sawasawa niliona uso wa binti yule ukifunguka.

Wazee wetu walilijua jambo hili la lugha na la kumkumbuka kila mtu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12 vikundi vya watu, takriban 75,000 nchi nzima, vilikaa chini ya miembe na kwenye madarasa kusikiliza kipindi, na waliojiunga walikuwa karibu milioni mbili. Wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo, na kitabu kilichoandamana na kipindi kilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Baada ya hapo walijadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Asiyejua kusoma hakuinua mkono kuomba asomewe. Utaratibu wenyewe ulianza kwa kudhani kwamba yumo, na asiyeona naye, akikaa mkekani pale, hakupungukiwa na chochote ambacho wengine walikipata.

Linganisha na Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na masomo yakahamia hewani. Niliwasikiliza watoto wa jirani wakifuata kipindi cha hisabati kwenye televisheni, na mwalimu, hodari kabisa, alisema mara nyingi, "Kama mnavyoona hapa." Kwa anayeona, sentensi ile ilikuwa imekamilika. Kwa asiyeona lilikuwa ni pengo. Na mtoto kiziwi, kama hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya kioo, alitazama mdomo ukichezacheza.

Lazima niseme pia kwamba picha ile niliyoilaumu si adui kwa kila mtu. Jirani yangu ana mtoto mwenye ualbino. Kama ilivyo kwa wengi wenye hali hiyo, uoni wake ni hafifu, na ubao kwake ni ukungu mweusi wenye michirizi, hata akikaa dawati la mbele. Picha ya ubao ndiyo ukombozi wake: anaikuza kwa vidole viwili mpaka herufi moja inajaa kioo, anasoma kwa utulivu, macho yake hayaumii. Yeye akipewa maneno matupu bila mchoro amepungukiwa. Kwa hiyo kinachomfungulia mmoja mlango kinaweza kumfungia mwingine, na siamini kwamba kuna kifaa kimoja cha kuwatosheleza wote. Kuna swali moja tu la kuulizwa mapema, siku ya kwanza ya muhula, na mwalimu mwenyewe: nani kati yenu anahitaji notsi zije kwa namna gani? Mwalimu akiuliza yeye, mtoto hajaomba. Amejibu.

Mtoto huyu wa jirani, hata hivyo, anaruhusiwa simu nyumbani tu. Shuleni kwake ni marufuku, kama ilivyo katika shule zetu nyingi, na sababu za marufuku hiyo nazielewa, mimi ni mzazi. Ila vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Kishikwambi kimoja kikiwekwa juu ya dawati la mtoto mmoja kwa dakika 40, kisha kikarudi mkononi mwa mwalimu, hakijavunja nidhamu ya shule yoyote.

Vitabu navyo visizuiliwe tena kwa kisingizio cha sheria. Tarehe 27 Juni 2013, mjini Marrakesh, Moroko, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani zilipitisha mkataba unaoruhusu kitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kusomeka na kompyuta kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye haki, na nakala hizo kuvuka mipaka kutoka nchi hadi nchi. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimejiunga. Angalia tena neno lenyewe: bila kumwomba. Taasisi ya Elimu Tanzania huchapa vitabu vya nukta nundu na vya maandishi makubwa, na nawapongeza kwa dhati. Lakini kila kitabu cha kiada siku hizi kinazaliwa ndani ya kompyuta, kikiwa maandishi safi ambayo simu ya mpwa wangu ingeyasoma siku hiyohiyo. Kinachapwa, kinasafirishwa, kisha mahali fulani mtu anaketi kukichapa upya kutoka karatasini kwa ajili ya asiyeona. Faili lilikuwepo tangu mwanzo. Mchapishaji alitoe pamoja na nakala za karatasi, na iwe sharti la zabuni.

Mpwa wangu alifaulu mtihani ule. Muhula uliofuata alijikaza akamwendea mwalimu ofisini, akamweleza kuhusu zile picha kumi na moja. Mwalimu alishika kichwa. Hakuwa amewaza kabisa, na alimwambia hivyo, kwa unyenyekevu ambao si kila mkubwa anao. Tangu siku hiyo anazungumza notsi zake kwenye simu na simu inaandika, naye anarekebisha makosa na kutuma. Mwanzoni simu iliharibu nusu ya istilahi, sasa anaitamkia polepole. Wanafunzi wengine nao wamezipenda notsi za maandishi, kwa sababu zinakula bando dogo kuliko picha na mtu anaweza kutafuta neno ndani yake.

Nawe msomaji, huenda ni mwalimu, au katibu wa kikundi, au mwenyekiti wa mtaa mwenye tangazo la mkutano mkononi. Kabla hujabonyeza kutuma picha hiyo, andika chini yake maneno yaliyomo ndani. Katika kundi lako yupo mtu ambaye simu yake itamsomea, na hatakuambia kamwe kwamba alikuwa anasubiri.